Nauli ya Atlantiki: Tiketi Moja, Bei Mbili

Mwaka 1900 tiketi ya daraja la chini kabisa kutoka Ulaya hadi New York ilikuwa dola 30 hivi. Watu wakisikia hivyo hukimbilia kuuliza hizo ni dola ngapi za leo. Jibu lipo, ni zaidi ya elfu moja, lakini halitufikishi mbali. Mhamiaji wa wakati ule alilipa kwa siku za kazi, na siku ya kazi haikuwa na thamani moja pande zote mbili za bahari.

Mchukue kibarua wa shamba wa kusini mwa Italia. Siku akipata kazi, jioni alilipwa kama lira moja na nusu. Dola moja ilikuwa lira tano na ushee, hivyo tiketi ilimfikia kwa lira 155 hivi. Hizo ni zaidi ya siku 100 za jembe, na hapo bado hajala wala hajavaa. Kaka yake aliyetangulia, anayechimba mitaro New York kwa dola moja na nusu kwa siku, aliipata tiketi ileile kwa siku 20.

Kampuni za meli ziliielewa hesabu hii vizuri. Zilisambaza mawakala katika mitaa ya wahamiaji huko Marekani: mwenye duka la vyakula, mwenye baa, hata yule aliyejiita benki ilhali ana meza na sefu tu. Unalipa kidogo kidogo, ukimaliza tiketi inatumwa kwa posta hadi kijijini. Kwa makadirio ya kawaida, robo hadi theluthi ya waliovuka miaka hiyo walisafiri kwa tiketi zilizolipiwa Marekani, na wengine wengi walinunua wenyewe kwa fedha walizotumiwa. Aliyeumia hasa ni wa kwanza katika ukoo. Huyo ndiye aliyeuza ng'ombe, akaweka shamba rehani, akakopa kwa riba ambayo ilimfuata hata baada ya kufika.

Je, ilikuwaje zamani zaidi, kabla hapajawa na kaka wa kutangulia? Katika karne ya 18 Wajerumani wengi wa bonde la mto Rhine walikwenda Pennsylvania bila ndugu wa kuwalipia na bila akiba ya kutosha. Gottlieb Mittelberger, mwalimu na mpiga kinanda, alisafiri nao mwaka 1750, akarudi kwao 1754 na kuandika kitabu cha kuwaonya wenzake. Nauli anayoitaja kutoka Rotterdam hadi Philadelphia ni pauni 10, nusu yake kwa mtoto wa miaka 5 hadi 10, na bure kwa aliye chini ya hapo.

Lakini wengi waliishiwa kabla hata ya kuiona bahari. Kutoka Heilbronn hadi Uholanzi mashua ilipita vituo 36 vya ushuru, na kila kituo kiliikagua kwa wakati wake, huku abiria wakila akiba yao. Mtoni peke yake zilipita wiki nne hadi sita. Uholanzi nako wakasubiri wiki nyingine kadhaa, mahali ambapo kila kitu kilikuwa ghali. Mtu aliyeaga kwao mwezi wa Mei alifika Oktoba.

Walioishiwa walivushwa kwa mkopo, na aliyefika na deni la nauli hakuruhusiwa kushuka. Wanunuzi waliokuwa tayari kulilipa deni hilo walipanda melini, wakapatana bei, na mtu mzima akatia saini kutumika miaka mitatu hadi sita. Watoto walitumika mpaka wafikishe miaka 21, na wapo wazazi waliowatoa watoto wao ili wao wenyewe washuke, bila kujua wanapelekwa kwa nani. Kuna sehemu moja ya kitabu cha Mittelberger ambayo kila nikiisoma nasita, nayo inahusu wafu. Mke au mume akifia baharini baada ya meli kuvuka nusu ya njia, aliyebaki aliilipa nauli ya marehemu, au aliitumikia. Wakifa wazazi wote wawili, deni lao lilimwangukia mtoto juu ya deni lake mwenyewe. Mittelberger alitaka kuwatisha watu wasihame, na ni vyema tumsome tukilijua hilo. Hata hivyo, kanuni hiyo inaingia sawasawa katika daftari la mfanyabiashara: chakula kimekwisha kuliwa, nafasi imekwisha kukaliwa, kwa hiyo bili ipo.

Sisi wa pwani hii tumeuona utaratibu wenye udugu na huo. Wahindi karibu 32,000 walioletwa Mombasa kati ya 1896 na 1901 kujenga Reli ya Uganda walikuja kwa mkataba wa miaka mitatu, nauli ikiwa juu ya mwajiri. Kwa hesabu rasmi walikufa 2,493. Tofauti kubwa ni kwamba mkataba uliwapa haki ya kurudishwa kwao, na wengi walirudi.

Unafuu wa nauli nao si lazima uwe habari njema. Katika njaa kuu ya Ireland, miaka ya 1840, kwenda Quebec kuligharimu kama pauni 3 tu. Meli zilizobeba mbao zilishusha mzigo wa Kanada huko Uingereza na zingerudi tupu, basi wenye meli wakapigilia vitanda vya muda na kupakia watu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1842 ilimpa kila abiria lita tatu na kitu za maji kwa siku, ya kunywa, kupika na kunawa, pamoja na ratili 7 za mkate, unga au mchele kwa wiki. Mengine yote ulijibebea. Mwaka 1847 homa ya chawa ilipozuka melini, zaidi ya watu 5,000 walizikwa katika kisiwa cha karantini cha Grosse Île.

Meli za mvuke ndizo zilizogeuza mambo, ingawa mwanzoni nauli yake ilizidi ya meli za tanga. Kilichopungua ni muda. Kwa tanga ulihesabu wiki tano au sita, mara nyingine zaidi. Kufikia 1900 ni siku saba hadi kumi. Wiki nne zilizookolewa ni siku 24 za kazi, yaani dola 36 kwa ujira wa yule mchimba mitaro. Zinazidi bei ya tiketi yenyewe.

Serikali ya Marekani nayo ikaingiza mkono. Mwaka 1882 iliweka kodi ya senti 50 kwa kila mgeni anayefika, ikapanda hadi dola 4 mwaka 1907 na dola 8 mwaka 1917. Kampuni ndiyo iliyodaiwa, kwa hiyo msafiri aliilipa ndani ya tiketi bila kuiona. Sheria ya 1891 ikazilazimisha kampuni kumrudisha kwa gharama zao kila anayekataliwa. Ndiyo sababu kampuni ya meli ya Hamburg-Amerika ilifungua mabweni ya wahamiaji huko Veddel, Hamburg, mwaka 1901, ambako abiria walioshwa na kukaguliwa afya kabla ya kupanda. Heri kumkuta mwenye ugonjwa wa vikope Hamburg kuliko kumrudisha kutoka Ellis Island, kituo cha kukagua wahamiaji cha New York. Kuanzia 1909 kamishna wa Ellis Island, William Williams, akataka mgeni awe na dola 25 mfukoni, mbali na tiketi ya treni. Kwa kibarua wetu wa Italia hizo ni karibu siku 90 nyingine.

Biashara yote hii ilivunjwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1924, iliyoiwekea kila nchi kikomo cha wahamiaji. Italia, iliyopeleka watu zaidi ya 280,000 mwaka 1907 pekee, ikapewa nafasi 3,845 kwa mwaka. Vitanda vya daraja la chini vikabaki vitupu, na kampuni za meli zikaanza kuvikarabati na kuviuza kama daraja la watalii, kwa walimu na wanafunzi wa Kimarekani waliotaka kwenda kutembea Ulaya wakati wa likizo.