Yusuf bin Hasan: Hannibal wa Mvita na Vita Vyake Dhidi ya Wareno, 1631–1632

Juu ya lango la Ngome ya Yesu, kisiwani Mombasa, kuna maandishi ya Kireno yaliyochongwa katika jiwe. Yanamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa mkuu wa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, kwa kuijenga upya na kwa kuitia adabu miji ya pwani iliyoasi, ikiwemo Pate, Siu na Pemba. Mfalme aliyeusababisha uasi huo hakupewa jina. Ametajwa kama dhalimu tu. Mfalme huyo ni Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimbatiza Dom Jerónimo Chingulia.

Wanafunzi wa historia humkumbuka upesi Hannibal wa Carthage, aliyevuka milima ya Alps mwaka 218 K.K. na kupigana na Warumi nchini mwao kwa takribani miaka kumi na mitano. Ni nadra kumkumbuka Yusuf pamoja naye, ilhali mambo yanayowakutanisha ni mazito. Wote wawili walirithi ugomvi wa baba zao. Wote walishinda vita ambavyo adui hakutarajia kushindwa, na wote walimaliza maisha yao ugenini. Aidha, kila mmoja wao anajulikana kwa maandishi ya upande wa maadui zake.

Baba yake Yusuf, Sultani Hasan bin Ahmad, alitoka katika ukoo wa Malindi, ambao Wareno waliuhamishia Mombasa baada ya kuiteka kwa ajili ya urafiki wao wa tangu zamani. Urafiki huo haukudumu. Hasan aligombana na mkuu wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614 na watu waliohongwa na Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko Uhindi. Mwanawe, aliyekuwa bado mtoto, naye alipelekwa Goa. Alilelewa na watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa, akafundishwa Kireno na kutumika katika jeshi la majini kama mpiga mizinga. Hannibal anasimuliwa kuwa aliapa mbele ya baba yake, akiwa na miaka tisa, kwamba hatakuwa rafiki wa Rumi. Yusuf hakuapishwa na mtu. Alikulia nyumbani kwa wale waliomuua baba yake, na walidhani malezi yangemsahaulisha.

Alirejeshwa Mombasa katika miaka ya 1620 na kutawazwa. Ufalme wake ulikuwa wa kuazimwa, kwani mkuu wa ngome alimdharau, nao Waislamu wa mji walimwona kuwa mtu wa Wareno. Hatimaye mkuu wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, aliletewa habari kwamba mfalme huonekana usiku akisali Kiislamu kaburini kwa baba yake. Kosa hilo lingemrudisha Goa kushitakiwa kwa kuiasi dini. Yusuf hakungoja. Katikati ya Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Bikira Maria, aliingia ngomeni pamoja na watu wake kama mtu asiyetiliwa shaka, akamuua mkuu huyo na kuitwaa ngome.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na yeyote anayeichunguza mbinu ya vita hivi. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, ilibuniwa ili kuhimili mizinga. Kuta zake ni nene na pembe zake zinalindana. Udhaifu wake ulikuwa lango, na lango hufunguliwa kwa anayeaminiwa. Yusuf aliijua desturi ya waliomo, saa zao, sikukuu zao na lugha yao. Silaha yake ya kwanza ilikuwa elimu aliyopewa na adui.

Yaliyofuata ni machungu, wala haifai kuyaficha kwa sababu ya kumpenda shujaa. Wakristo wa mjini walikimbilia katika nyumba ya watawa, mwendo mfupi kutoka ngomeni. Walipotoka, waliuawa. Idadi ya waliokufa inakadiriwa kuwa 300, na takribani nusu yao hawakuwa Wareno bali Waafrika waliobatizwa. Anayemwita Yusuf mkombozi, bila kuongeza neno, anawasahau hao.

Mwanzoni mwa mwaka 1632 msafara wa manowari ulifika kutoka Goa chini ya Francisco de Moura. Wareno waliizingira ngome waliyoijenga wenyewe, wakapigwa kwa mizinga yao wenyewe na mtu waliyemfundisha kazi ya mizinga. Mwezi wa Machi, Moura aliondoka bila kuipata. Haielekei kuwa tarehe hizo ni za bahati. Kaskazi ndiyo iletayo vyombo kutoka Uhindi, na kusi inapokaribia, msafara wenye majeruhi hauna budi kuamua upesi.

Hata hivyo, mshindi naye aliondoka. Mwezi wa Mei Yusuf aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akachukua mizinga, akapanda merikebu iliyotekwa na kwenda zake. Wako wanaouona uamuzi huo kuwa woga. Hukumu hiyo ni ya haraka. Hannibal aliyaangamiza majeshi ya Rumi huko Cannae mwaka 216 K.K., lakini Rumi ikaandikisha majeshi mengine, na washirika wake wengi wakabaki nayo. Yusuf alikuwa na kisiwa kimoja. Goa ingetuma msafara wa pili na wa tatu, na miji ya pwani haikuwa na mkono mmoja. Orodha ya miji iliyochongwa juu ya lango inaonyesha kwamba chuki dhidi ya Wareno ilienea, lakini kila mji uliadhibiwa peke yake. Kushinda ngome kulihitaji siku moja na ujasiri. Kushinda dola kulihitaji muungano, nao haukuwapo.

Wareno waliirejea ngome tupu mwezi wa Agosti 1632. Yusuf aliendelea kuwasumbua baharini, akapita Uarabuni na visiwa vya kusini, na kufariki pande za Bahari ya Shamu mwaka 1638. Hannibal naye alikuwa amekunywa sumu uhamishoni, mnamo 183 K.K., ili asikabidhiwe kwa Warumi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili limebaki suala la ushahidi. Habari za Hannibal zinatoka hasa kwa Polybius, Mgiriki aliyeishi Rumi kama mateka, na kwa Livy, Mrumi. Habari nyingi za uasi wa 1631 zinatoka katika ushahidi uliokusanywa Goa mwaka uliofuata, pale watawa walipotaka waliouawa watangazwe mashahidi wa dini. Shahidi wa namna hiyo huulizwa nani alikufa na alikufaje. Haulizwi mfalme alisema nini na watu wake usiku ule wa kuamkia vita, wala kama alisema nao kwa Kireno cha Goa au kwa Kimvita, lugha ambayo hadi leo huiita barabara ya kale ya Mji wa Kale Ndia Kuu, si Njia Kuu.