Lugha za Ileje na Mipaka Yake

Wako wasemao ya kuwa Kindali ni Kinyakyusa kilichoharibika. Neno hili si kweli, tena lina madhara; maana mwalimu aliyelishika huwasahihisha watoto wasipokosea, na mhubiri hudhani amesikiwa, kumbe amesikiwa nusu.

Ibaba imo wilayani Ileje. Humo na kandokando yake lugha nyingi zakutana: Kindali vilimani, Kilambya kuelekea mto Songwe, Kimalila kaskazini, Kinyiha upande wa Mbozi, Kinyakyusa mashariki.

Na tusikilize jinsi wenyeji wazitajavyo lugha zao. Mnyakyusa asema Ikinyakyusa, Mndali, Ichindali, Mlambya, Ichilambya, Mmalila, Ishimalila, Mnyiha, Ishinyiha. Kiambishi ni kimoja, ndicho ki- cha Kiswahili katika kitu na kisu. Lakini kadiri mtu aliachavyo Ziwa Nyasa, k yageuka ch, na ch yageuka sh. Hapo mtu aweza kudhani kwamba ameupata mpaka. Basi na azihesabu irabu. Kinyakyusa kina irabu saba, na Kimalila saba vile vile. Kindali kina tano tu, kama Kiswahili. Kwa kiambishi, Kindali chasimama kati ya hizo mbili. Kwa irabu, hizo mbili zaungana na kukiacha Kindali nje. Kitu kilichoharibika hakiharibiki kwa utaratibu namna hii.

Dhana ile yatoka wapi? Nadhani yatoka vitabuni. Wamoravian na Waberlin walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na Kinyakyusa, kilichoitwa Kikonde siku zile, kikapata sarufi ya Schumann mwaka 1899. Lugha iliyotangulia kuandikwa huonekana kuwa mama wa jirani zake.

Mipaka ya serikali haisaidii. Wajerumani na Waingereza waliufanya mto Songwe kuwa mpaka mwaka 1890. Hata hivyo Wasukwa wa vilima vya Misuku, Malawi, husema kwa namna iliyo karibu sana na Kindali, na Kingonde cha Karonga ni ndugu wa Kinyakyusa. Mkoa wa Songwe nao, ulipotengwa na Mbeya mwaka 2016, uliwaacha Wamalila walio wengi ng'ambo.

Mwalimu wa Kimalila na aangalie jambo moja zaidi: irabu saba haziandikiki kwa herufi tano za Kiswahili. Ndiyo sababu waandishi wa lugha hiyo wameongeza ɨ na ʉ.