Fundi na Mkandarasi
Mjomba wangu huezeka nyumba, hupiga lipu na kupaka rangi. Watu humwita mkandarasi, lakini sheria ya Tanzania ya mwaka 1997 yataka mkandarasi awe ameandikishwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Sasa anataka kuandikishwa, nami namsomea masharti. Makandarasi wa majengo wana madaraja 7. La 7 ndilo la chini, na kila daraja la chini lina kikomo cha thamani ya kazi.

Cheti pekee hakitoshi. Mwajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kibarua akianguka kutoka juu ya paa, Mfuko humlipia matibabu na fidia. Lakini tofali likivunja gari la jirani, Mfuko hauhusiki: hapo yatakiwa bima nyingine, nayo mjomba aiona ghali. Ninyi wazazi, ombeni kuona cheti na hati ya bima kabla ya kutoa arubuni.