Waya wa Ethi si Pambo



Kila mmoja wetu aliyefanya kazi katika kiwanda cha chai analijua lile kabati la chuma lililosimama karibu na mashine za kusaga majani. Ndani yake zimo swichi na fyuzi za mota. Mlangoni pana vitufe viwili, cha kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima. Twavibonyeza mara nyingi kwa siku, mikono imelowa utomvu wa majani mabichi, na sakafu nayo ina maji. Je, waya wenye umeme ukiugusa mlango ule kwa ndani, ni kitu gani kitakachotukinga?

Kinga yetu ni waya mmoja wenye rangi ya kijani na mistari ya manjano. Katika mitambo ya zamani ni wa kijani kitupu. Mafundi huuita ethi. Waya huu hauzungushi mota wala hauwashi taa. Ukikatika leo, kazi itaendelea kesho na hata mwezi ujao. Hapo ndipo ilipo hatari. Waya mwingine ukikatika, mashine husimama na bwana msimamizi huja mbio. Ethi ikikatika, hakuna anayekuja.

YALIYOTUPATA

Katika kiwanda kimoja tulichofanyia kazi, makabati yalipakwa rangi upya. Milango ilitolewa, na ule mkanda wa shaba uliosukwa, unaounganisha mlango na kabati, ukafunguliwa. Rangi ilipokauka, milango ilirudishwa. Mkanda wa kabati moja uliachwa ukining'inia. Kwingine bolti zilikazwa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Mashine ziliwaka, kila mtu akaridhika.

Baada ya majuma machache, waya wa kitufe ulichubuka penye bawaba. Mwenzetu aliyekuwa akifagia aliuegemea mlango ule kwa bega. Umeme ulimtupa chini, akapona. Lau angalikuwa ameushika mpini kwa kiganja, vidole vingalifumba asiweze kuachia. Kesho yake tuliambiwa kuwa alikuwa mzembe. Uzembe wa kufagia?

FYUZI HAIMLINDI MTU

Wengi husema, "Hapana neno, fyuzi ipo." Fyuzi huzilinda nyaya zisiungue. Umeme wa miliampea 30, yaani sehemu 30 katika 1000 za ampea moja, waweza kuikaza misuli ya kifua hata mtu asipumue, na ukizidi hapo huvuruga mapigo ya moyo. Fyuzi ya ampea 16 haina habari kabisa na umeme mdogo kama huo.

Kazi ya ethi ni kuupa umeme uliotoroka njia nyepesi ya kurudi ulikotoka, ili upite kwa wingi na kuikata fyuzi. Tupige hesabu. Umeme ni volti 240. Njia yote ikiwa na upinzani wa omu 1, zitapita ampea 240, na fyuzi yetu itakatika papo hapo. Lakini kama pana fimbo ya chuma tu iliyopigiliwa katika udongo mkavu, na upinzani ni omu 60, zitapita ampea 4 tu. Fyuzi haitakatika. Kabati litabaki na umeme, likimngoja mtu. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kuwa fimbo yatosha peke yake. Lazima uwepo waya wa ethi unaorudi mpaka kwenye chanzo cha umeme, au kifaa cha kukata umeme unaovuja.

KANUNI ZINASEMAJE

Kanuni ya kimataifa ya umeme wa mashine, IEC 60204-1, ni wazi. Kila waya wa ethi uwe na mahali pake pa kufungwa, nyaya mbili zisibanwe chini ya skrubu moja. Ethi isiwekewe swichi wala fyuzi. Kifaa kimoja kikitolewa, ethi ya vifaa vingine isikatike. Mlango wenye vitufe vya umeme wa kawaida uunganishwe kwa hakika, wala bawaba za kawaida zisitegemewe. Na baada ya kazi, fundi apime kwa chombo kwamba njia ya ethi haikukatika. Kutazama kwa macho hakutoshi.

TUFANYE NINI

Kwanza, asiye fundi asifungue kabati hata siku moja. Lakini macho na ngozi tunavyo. Ukiona waya wa kijani unaning'inia kwenye mota, bolti yake imeliwa na kutu, au ukisikia mchonyoto unapogusa chuma cha mashine, simama. Waonye wenzako, mwite msimamizi na mjumbe wa chama.

Pili, kila baada ya matengenezo au kupaka rangi, mjumbe wetu aulize swali moja: "Ethi imepimwa?" Jibu liandikwe, pamoja na tarehe na jina la aliyepima.

Tatu, tujue haki yetu. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kuwa hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Unamlinda pia yule anayejiondoa mahali ambapo, kwa sababu za haki, anaamini pana hatari kubwa iliyo karibu ya maisha au afya yake. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ya Shirika hilo. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inauweka wajibu wa usalama mabegani mwa mwajiri.

Mkanda wa shaba na bolti mbili ni vitu vya bei ndogo. Tusingoje mwenzetu azikwe ndipo vinunuliwe.