Kwa Nini Takwimu za Korona za Nchi Mbili Hazilingani

Idadi ya wagonjwa wa korona inayotangazwa na nchi ni idadi ya waliopimwa wakakutwa na virusi, si ya wote walioambukizwa. Nchi isiyopima huonekana salama. Tanzania iliacha kutoa takwimu mwishoni mwa Aprili 2020, ikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka majedwali ya dunia yakabaki na 509 hiyohiyo. Lakini Mei 2020, madereva wa malori waliotoka Tanzania walipopimwa mpakani Namanga, wapo waliokutwa na virusi. Ugonjwa haukuwa umesimama. Kilichosimama ni hesabu.

Hata Kenya, iliyotangaza takwimu kila siku, iliona sehemu ndogo tu. Kati ya Aprili na Juni 2020 watafiti walichunguza sampuli zaidi ya 3,000 za damu ya wachangiaji, wakitafuta kingamwili za virusi hivyo. Walikadiria kuwa zaidi ya watu 4 katika kila 100 wanazo. Waliotangazwa nchi nzima walikuwa hawajafika 5,000.

Vifo ni vigumu zaidi kufichika, ila kila nchi ilivihesabu kwa kanuni yake. Ubelgiji ilijumuisha wazee waliofia kwenye nyumba za kutunzia wazee kwa kushukiwa tu, bila kupimwa, ikaonekana imeumia kuliko majirani zake. Uingereza, Agosti 2020, iliamua kuhesabu waliofariki ndani ya siku 28 baada ya kupimwa na kukutwa na virusi, na vifo zaidi ya 5,000 vikaondoka kwenye orodha. Peru ilipopitia upya kumbukumbu zake mwaka 2021, idadi ilipanda kutoka takriban 69,000 hadi zaidi ya 180,000.

Umri nao lazima uangaliwe. Nusu ya Waitalia wamepita miaka 45, ilhali nusu ya Wakenya ni wa miaka 20 hivi au chini yake, na korona iliua zaidi wazee.

Kipimo cha haki kuliko vyote ni vifo vya ziada: waliokufa kwa sababu yoyote, ukitoa wale ambao wangetarajiwa kufa katika mwaka wa kawaida. Kwa hesabu hiyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 14.9 kwa miaka 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa vilikuwa milioni 5.4. Lakini kipimo hicho kinahitaji kila kifo kiandikishwe, na katika sehemu kubwa ya Afrika wengi hufia nyumbani na kuzikwa bila cheti.