Somo la Leo: Kusomea Saikolojia

Fungueni kijitabu chenu mahali palipoandikwa somo la leo. Aliyesahau miwani nyumbani na akae karibu na mwenziwe, amsomee. Tusome polepole, wala tusione haya kurudia mstari.

Somo hili limetokana na swali la baba mmoja, mwanafunzi wa darasa kama lenu. Binti yake amemaliza kidato cha sita, naye anataka kwenda chuo kikuu kusomea saikolojia. Jirani mmoja akamwambia baba, "Hiyo ni elimu ya kusoma mawazo ya watu. Ni uganga wa vitabuni." Mwingine akasema, "Atashinda na wenye wazimu mpaka naye arukwe na akili." Baba ana ng'ombe wa kuuza. Akaniuliza, "Mwalimu, nimuuze au nisimuuze?"

Swali hili si dogo. Ng'ombe akishauzwa harudi zizini. Basi kwanza tujue saikolojia ni kitu gani.

Saikolojia ni elimu ya kuchunguza akili na mwenendo wa viumbe, hasa watu. Huuliza: Mtoto hujifunzaje kusema? Kwa nini mtu husahau? Hofu hutoka wapi? Kwa nini mtu akiwa peke yake hutenda hivi, na akiwa katika kundi hutenda vingine? Haya wazee wetu waliyatazama tangu zamani, na methali zetu zimejaa maneno yake. Lakini saikolojia haitosheki na kusema, yataka kupima. Mpiga ramli hukwambia neno, nawe huna njia ya kumhakiki. Mwanasaikolojia sharti aeleze alivyofanya kazi yake, ili mtu mwingine airudie aone kama ni kweli.

Watu wengi huhesabu mwanzo wa elimu hii kuwa mwaka 1879. Mwaka huo Wilhelm Wundt alifungua maabara ya saikolojia katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Kabla ya hapo mambo ya akili yalijadiliwa zaidi na wanafalsafa.

Sasa nitawapa mfano mmoja wa kazi yao, nao unatuhusu sisi. Mjerumani mwingine, Hermann Ebbinghaus, alitaka kujua jinsi tunavyosahau. Alitunga silabi nyingi zisizo na maana, ili maana isimsaidie kukumbuka. Alizipanga katika orodha, akazisoma mpaka akaweza kuzitaja bila kutazama. Kisha aliziacha. Baadaye alijifunza tena orodha ileile, akapima amepunguziwa kazi kiasi gani kwa kuwa aliwahi kuisoma. Baada ya saa moja, alikuwa amepunguziwa asilimia 44 tu ya kazi. Baada ya siku moja, asilimia 34. Baada ya siku 31, asilimia 21. Aliyaandika haya katika kitabu mwaka 1885.

Tazameni hesabu hizo vizuri. Kusahau kukubwa hutokea mapema, katika saa za kwanza. Baadaye kusahau huenda polepole. Hata baada ya mwezi, kitu fulani kilikuwa kimebaki. Tena aliona kwamba kurudia orodha mara 38 kwa kuzigawa katika siku tatu kulimsaidia kama kurudia mara 68 kwa mkupuo mmoja. Labda mtasema, huyo alijipima mwenyewe tu. Ni kweli. Lakini mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi waliirudia kazi yake, wakapata matokeo yanayofanana. Hiyo ndiyo tofauti na ramli.

Basi wewe unayesema, "Kichwa changu kimezeeka, nasoma leo kesho nimesahau," usijilaumu. Ebbinghaus naye alisahau, na alikuwa msomi. Soma kidogo leo, rudia kesho, rudia tena kesho kutwa. Nusu saa kila jioni yashinda saa nne za Jumapili.

Mfano wa pili watoka Liberia, Afrika ya Magharibi. Huko wako Wavai, watu wenye hati yao wenyewe. Hati hiyo haifundishwi sana shuleni. Mtu humfundisha nduguye au rafiki yake, naye huitumia kuandika barua na hesabu zake. Sylvia Scribner na Michael Cole wa Marekani walikwenda kuwachunguza, wakatoa kitabu mwaka 1981. Wakati ule wasomi wengi waliamini kwamba asiyejua kusoma hawezi kufikiri kwa undani. Watafiti hawa hawakuliona hilo. Wajuao hati ya Kivai waliwazidi wenzao katika kazi zinazofanana na matumizi ya hati hiyo, lakini si katika kufikiri kwa jumla.

Maana yake nini? Kusoma ni chombo, kama jembe. Asiye na jembe si mjinga wa kilimo. Nanyi hamkuja darasani kutafuta akili. Akili mlikuja nayo.

Sasa turudi kwa binti yetu. Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu katika vyuo vingi vya Tanzania na Uganda, na minne katika vyuo vya Kenya. Atajifunza makuzi ya mtoto, kumbukumbu, ubongo na kazi zake, tabia za watu katika makundi, na maradhi ya akili. Kadhalika atajifunza njia za utafiti na takwimu, yaani hesabu za kupima mambo ya watu wengi. Hapa ndipo wanafunzi wengi hushtuka. Walidhani wamekimbia hesabu, kumbe hesabu inawangoja mlangoni.

Tena ni lazima nimwambie baba jambo moja wazi. Shahada hii ya kwanza haimfanyi mtu kuwa daktari. Daktari wa magonjwa ya akili husomea kwanza udaktari, ndipo huongeza masomo ya akili. Mwenye saikolojia akitaka kuwatibu watu kwa mazungumzo, huhitaji masomo zaidi na mazoezi chini ya mkubwa wa kazi. Huko Kenya iko sheria ya mwaka 2014 ya kuwasimamia washauri na wanasaikolojia. Wenye shahada ya kwanza wengi hufanya kazi shuleni, katika ofisi za waajiri, katika mashirika ya kusaidia watoto, au katika utafiti.

Basi, ndugu baba, sikwambii uuze wala usiuze. Keti na binti yako, mwulize maneno matatu. Anayapenda haya, au anapenda jina tu? Yuko tayari kwa hesabu? Anajua atakalofanya baada ya shahada? Kisha kama mko Tanzania, hakikisheni kwamba chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, tena ulizeni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kabla ya kumfungua ng'ombe kamba. Na maneno ya jirani yaacheni kwa jirani.

MANENO YA KUKUMBUKA

Maabara: mahali pa kufanyia majaribio ya elimu.
Takwimu: hesabu zilizokusanywa ili kueleza jambo.
Shahada: cheti cha kumaliza masomo ya chuo kikuu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ebbinghaus alisahau zaidi wakati gani?
2. Kwa nini mwandishi anasema kusoma ni kama jembe?
3. Kama wewe ungekuwa yule baba, ungefanyaje?

Kesho jioni, kabla ya kula, someni tena ukurasa huu. Mnajua sasa kwa nini nawaambia hivyo. Kwaherini.