Uchovu Unaobaki Baada ya Homa Kwisha

Homa ikimwacha mtu, watu wa nyumbani hufurahi, nao hutazamia kumwona akirudi shambani, sokoni au darasani. Wengi hurudi. Lakini wako wengine ambao homa imewaacha, na nguvu zao hazikurudi. Wiki zapita, miezi yapita, hata mwaka. Usingizi hauwaburudishi, kichwa ni kama kimejaa ukungu, na wakisimama kitambo moyo huenda mbio na macho huona giza. Na la ajabu kupita yote ni hili, ya kuwa mtu wa namna hii akijikaza siku moja na kufanya kazi, mara nyingi taabu yake haiji siku ile. Huja kesho yake au kesho kutwa, naye hulala siku tatu, au hata juma zima.

Hapa kwetu Utemini, katika mji wa Singida, twaijua nyumba moja ambayo mama wake aliugua homa ya kifua, akapona, kisha akashindwa kubeba ndoo ya maji. Wakwe walisema ni uvivu. Jirani alisema amerogwa. Mwingine, aliyedhani amesema neno la huruma, alisema ni mawazo tu. Nyumba ile ilikaribia kuvunjika kwa maneno hayo matatu, na yote matatu yalisemwa kabla mtu yeyote hajamwuliza yule mama siku zake zilikuwaje.

Wala msidhani, wasomaji wetu, ya kuwa jambo hili ni geni lililokuja na korona. Nchi yetu wenyewe inayo habari yake ya zamani. Katika miaka ya 1952 na 1953 maradhi mapya yaliwashika watu wa Newala, katika nchi ya Wamakonde. Mtu alipatwa na homa ya ghafula, na viungo vikamwuma hata asiweze kujinyosha. Madaktari Robinson na Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, na ugonjwa ukaitwa chikungunya, jina la Kimakonde lenye maana ya kupindika. Kirusi chake huchukuliwa na mbu ambaye hupenda kuzaa katika maji yanayowekwa akiba majumbani. Homa yenyewe hukaa siku chache tu, bali maumivu ya viungo huweza kukaa miezi.

Mwaka 2004 chikungunya iliingia Lamu, nayo ikaenea hata ikakadiriwa ya kuwa watu watatu katika kila wanne mjini mle wameambukizwa. Kutoka pwani ile ikavuka bahari mpaka Komoro, tena mpaka kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya thuluthi ya watu waliugua katika miaka ya 2005 na 2006. Wataalamu waliwarudia watu wa Réunion yapata miaka miwili baadaye. Waliopata kirusi kile walilalamika maumivu na uchovu kuliko jirani zao wasiokipata.

Kirusi hiki kinaye ndugu yake huko Australia, aitwaye Ross River. Katika wilaya za Dubbo, nchini humo, madaktari waliwafuata watu 253 tangu siku za kwanza za ugonjwa wao. Wengine walikuwa na Ross River, wengine kirusi cha Epstein-Barr, na wengine homa ya Q, ambayo watu huipata kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Habari zilitolewa mwaka 2006. Baada ya miezi sita, yapata watu 11 katika kila 100 walikuwa na ule uchovu usiokwisha, na hesabu ilikuwa karibu sawa kwa magonjwa yote matatu. Basi madaktari wakatafuta ni nani aliyebaki mgonjwa. Je, ni mwenye moyo dhaifu? Ni mwenye huzuni tangu zamani? Sivyo. Lililoonyesha zaidi nani atabaki na uchovu lilikuwa ukali wa homa ile ya kwanza. Neno hili twaliona zito, nasi twataka lisomwe kwa sauti katika nyumba zenye ugomvi wa namna ile tuliyoitaja.

Hata hivyo haitupasi kuwacheka watu wa Utemini, maana wenye elimu nao walianguka katika shimo lilo hilo. Mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free huko London, watumishi 292 waliugua, wengi wao wanawake, hata hospitali ikafungwa tangu Julai mpaka Oktoba. Wengine hawakupona kwa miaka. Lakini mwaka 1970 madaktari wawili wa magonjwa ya akili waliandika ya kwamba ile ilikuwa hofu iliyoenea kati ya wanawake. Walizisoma karatasi za hospitali. Wagonjwa wenyewe hawakuwapima. Maneno hayo yalishikwa kwa muda mrefu. Huko Uingereza wagonjwa wengi walishauriwa kuzidisha mazoezi kidogo kidogo, na wengi wakasema ya kuwa yamewazidishia ugonjwa. Hata mwaka 2021 shirika la serikali linalowaongoza madaktari likauondoa ushauri ule.

Ndipo ikaja korona, iliyotangazwa Tanzania tarehe 16 Machi 2020. Duniani pote wakatokea watu wengi mno wa namna ile ile, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaandika maana ya ugonjwa unaobaki: dalili zilizopo miezi mitatu baada ya kuanza kwa korona, zilizokaa walau miezi miwili, zisizoelezwa na ugonjwa mwingine. Wingi wa wagonjwa uliwalazimu wataalamu kutafuta sababu kwa bidii ambayo wagonjwa wa zamani hawakuionja.

Wameona nini? Uchunguzi uliotupendeza kuliko wote ni ule wa Amsterdam, uliochapishwa mwaka 2024. Walichaguliwa wagonjwa 25 wa korona iliyokaa, na watu 21 waliopata korona wakapona kabisa. Kila mmoja alikatwa kipande kidogo cha nyama ya paja, akaendesha baiskeli isiyosogea mpaka akachoka, na kesho yake akakatwa kipande kingine. Ndani ya chembe za mwili mna mitokondria, ambazo ni kama mafiga ya nyumba: hapo ndipo chakula hugeuzwa kuwa nguvu. Kwa wagonjwa mafiga hayo yalifanya kazi pungufu, na baada ya baiskeli yakazidi kupungua. Na nyama yao ilionyesha kuumia kuliko ile ya wenzao. Basi mtu asemaye, "Nilifua nguo jana, leo siwezi kuinuka," hasemi uongo.

Wengine wapeleleza damu. Huko Yale, Marekani, Akiko Iwasaki na wenzake waliandika mwaka 2023 ya kuwa wagonjwa walikuwa na upungufu wa kotisoli, homoni inayomsaidia mtu kuamka na kustahimili taabu, tena na alama za kirusi cha kale cha Epstein-Barr kilichoamshwa. Huko Stellenbosch, Afrika Kusini, Resia Pretorius aliona vibonge vidogo sana vya damu iliyoganda, ingawa wataalamu wengine bado wabishana naye. Nako Edinburgh, mwezi Agosti 2025, zilitolewa habari za wagonjwa 15,579 wa uchovu ule wa zamani: sehemu nane za urithi wa mwili zilitofautiana na za watu wazima wa afya, na baadhi ya hizo zahusu kinga ya mwili na mishipa ya fahamu. Lakini watu waliohesabiwa huko walikuwa wa asili ya Ulaya. Urithi wa Wanyaturu na wa Wamakonde bado haujaulizwa, nasi twaona ni hasara, kwa kuwa maradhi haya yaliwashika Wamakonde kabla ya wengi hao kuzaliwa.

Yafaa pia kusema ya kuwa wataalamu wamepata kudanganyika. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba kirusi kiitwacho XMRV ndicho chanzo. Mwaka 2011 tangazo likafutwa, maana kirusi kilitoka katika vyombo vya maabara, si kwa wagonjwa. Kwa hiyo yeyote atakayekuja Utemini na chupa ya dawa akisema amepata tiba ya uchovu huu, msimpe fedha. Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha, wala dawa iliyothibitika kuuponya.

Yako mambo ya kufanya hata hivyo. La kwanza ni hospitali, kwa maana uchovu mrefu huweza kuwa kifua kikuu, malaria, upungufu wa damu, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo au virusi vya UKIMWI, na hayo yote yana dawa. Yakiisha kupimwa na kukosekana, mgonjwa azitumie nguvu zake kama mama wa Singida autumiavyo mtama katika mwaka wa njaa: kwa kipimo, akibakiza kidogo kila siku, wala asimalize kihenge kwa sababu leo anajisikia vema. Akae anapokata mboga. Maji yaletwe na wengine. Nanyi walimu, mtoto aliyekuwa hodari, naye baada ya homa asinzia darasani na kusahau hesabu, msimchape. Mpeni nusu ya kazi na mahali pa kulala saa ya michezo, tena waiteni wazazi wake.

Na awe na daftari. Aandike tarehe ya homa, kazi aliyofanya kila siku, na siku aliyoanguka. Asiyejua kuandika, mtoto wake wa shule na amwandikie jioni, mistari miwili yatosha. Daktari mwenye wagonjwa wengi mlangoni ataona mengi katika kurasa tatu za namna hiyo, hasa zile siku mbili zinazopita kati ya kazi na kuanguka.